Gari imezima njiani na familia ndani: ninunue nusu injini au niiuze hivyo hivyo?

Baba Wawili (mtoa mada)
Wakuu, naomba ushauri wa haraka, matusi wekeni akiba.

Jumamosi nilikuwa naelekea Tanga na mama watoto, watoto wawili na mama mkwe. Noah ya mwaka 2003. Chalinze tumepita vizuri, karibu na Lugoba gari ikazima. Haikugonga, haikutoa moshi, ilizima tu kama redio iliyochomolewa. Nikapiga stata, inazunguka nyepesi mno, haishiki. Fundi wa pale akafungua kava: taimingi belti, ule mkanda unaofanya valvu ziende sawa na pistoni, imekatika. Breki dauni mpaka Dar 280,000. Mama mkwe alisali njia nzima.

Fundi wangu anasema belti ikikatika valvu zinapinda, dawa ni nusu injini, yaani kuweka injini nyingine, 1,600,000 na ufundi juu yake. Ninunue, au niuze gari kama ilivyo?

Kapera wa Tabata
Nimekaa siti ya mbele, nasoma maoni.

Mama Neema
Pole. Ila hayo maombi ya mama mkwe ndiyo yamewaokoa. Ingezima mnapita lori je? Watu wanapakia watoto kwenye magari mabovu, halafu wanasema ajali ni mipango ya Mungu.

Mzee wa Kitonga
Mimi ilikuwa Mark II, GX110, injini 1G ya VVT-i. Ilikatika natoka Mafinga na magunia mawili ya viazi na jogoo. Hiyo 1G haina huruma, ina valvu 24, zilizobaki nzima ni sita. Nikalala Ilula siku tatu. Jogoo tulimla siku ya pili. Tangu hapo nikienda kununua gari nauliza kwanza cheni au mkanda, rangi baadaye.

Baba Wawili
Pole mzee, ila swali langu hujalijibu.

Spana 14
Belti ilibadilishwa lini mara ya mwisho? Na hedi, kichwa cha injini chenye valvu, imefunguliwa, au fundi ameziona valvu kwa macho ya rohoni?

Baba Wawili
Ilibadilishwa, tarehe sikumbuki. Hedi haijafunguliwa, ila huyu fundi ana miaka 20 kazini.

Spana 14
Ilibadilishwa na nani?

Baba Wawili
Mkuu tusitoke nje ya mada.

Mchunguzi Huru
Wakuu, hii ni chai, tena ya maziwa. Noah ya 2003 chesisi yake ni AZR60, injini 1AZ, inatumia cheni. CHENI! Hiyo belti imekatika kwenye gari gani? Wasimamizi fungeni uzi, watu tuna kazi.

Kapera wa Tabata
Kama ni chai, mwenye maandazi asogee.

Baba Wawili
Sina muda wa kutunga. Kadi ninayo mkononi, chesisi inaanza na SR40. Mwaka kwenye kadi ni 2000. Hiyo 2003 ndiyo niliyomwambia mama watoto wakati tunanunua, nimeizoea.

Mama Neema
Eeh. Endelea.

Spana 14
SR40 injini yake ni 3S-FE, hapo tunaelewana. Kwenye 3S-FE pistoni na valvu hazikutani hata belti ikikatika. Si kama 1G ya mzee hapo juu, wala 3S ya D4, ile inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, iliyomo kwenye baadhi ya gari za Nadia. Funga belti mpya, tensheni na rola, linganisha alama, kisha zungusha injini kwa spana, kwa mkono, mizunguko miwili. Isipogoma, pima kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda. Silinda zote zikiwa sawa, umemaliza kwa hela isiyozidi sana ile ya breki dauni. Angalia na watapampu, inazungushwa na belti hiyo hiyo. Na oili sili: ikivuja, belti haifiki hizo kilomita 100,000. Belti iliyokatika unayo? Ikoje?

Baba Wawili
Ipo kwenye mfuko wa rambo hapa. Imelowa oili, meno yameng'oka upande mmoja kama gunzi lililotafunwa.

Spana 14
Hiyo haijabadilishwa miaka.

Baba Wawili
Sawa. Januari mama watoto alinipa 350,000 ya belti na sili, pesa ya kikoba. Nikaona belti bado ina siku, nikafunga redio ya skrini, inchi 9, na kamera ya nyuma. Kamera nayo ni usalama. Nikamwambia belti tayari. Na fundi nimeshampa advansi 700,000. Nikiweka injini nyingine nitasema ile ilichoka, hakuna atakayeuliza habari za belti.

Mama Neema
Yaani unanunua injini ili ufiche mkanda.

Baba Wawili
Sifichi, nalinda amani ya nyumba. Pesa ya kikoba hamuijui nyie.

Mchunguzi Huru
Naondoa tuhuma. Mtu akitunga hujipendelea kidogo.

Mzee wa Kitonga
Yule jogoo wa Ilula nilimwambia mke wangu alitoroka. Mwaka wa kumi na moja huu, bado anamtaja.

Spana 14
Mpigie fundi sasa hivi, asinunue wala kufungua chochote mpaka mpime. Belti na sili zikatwe kwenye advansi, chenji akurudishie.

Baba Wawili
Kesho saa mbili asubuhi niko gereji. Lakini akisema kompresheni haipo?

Spana 14
Akisema, usikubali. Akupimie ukiwa umesimama hapo, geji uisome mwenyewe.

Kapera wa Tabata
Hiyo redio unaitoa kwa bei gani?