Gitaa la umeme la bei ya chini: nikague nini kabla ya kulipa?

Mpiga Ridhimu: Wakuu, nimeona Yamaha Pacifica 112 ya mtumba Kariakoo. Rangi inang'aa kweli. Ni ya kupigia kanisani. Niangalie nini?

Fundi Nyuzi: Rangi haipigi solo, mkuu. Pitisha kidole pembeni mwa shingo. Freti (vile vyuma vilivyokingama shingoni) zikikukwaruza, mbao imekauka ikasinyaa. Kisha bonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza na pale shingo inapoungana na bodi (kiwiliwili cha gitaa), kwa pamoja. Kwenye freti ya 7 ibaki nafasi ya unene wa karatasi hivi. Ikizidi, shingo imepinda, ila chuma cha ndani hukazwa kwa ufunguo ikanyooka. Shingo iliyojisokota kama kamba ndiyo uiache hapo hapo, hata wakupunguzie nusu.

Mama Besi: Nenda na tyuna, kile kifaa cha kupimia noti, mwanangu. Piga uzi mtupu, halafu freti ya 12: noti ile ile, oktavu moja juu. Zikipishana kidogo, ni bisibisi tu kwenye brichi, pale nyuzi zinapokalia kwenye bodi.

Mpiga Ridhimu: Asanteni. Na vinobu vya kuzungusha sauti vikitoa mkwaruzo kwenye spika?

Fundi Nyuzi: Mara nyingi vumbi. Sauti ikikatika ukitikisa waya kwenye jeki (tundu la kuchomekea waya), hapo sasa anza kushusha bei.