Mwanga unafunga milango ya ayoni badala ya kuifungua? Nieleweshwe

mdadisi_seli:
Wakuu habari zenu. Nasoma jicho kwa ajili ya mtihani na nimekwama tangu juzi. Kwenye neva nilizozoea kichocheo kikija milango ya sodiamu (vitundu kwenye utando wa seli vinavyopitisha ayoni, yaani chembe zenye chaji) inafunguka, volteji inapanda, ujumbe unaenda. Sasa hii seli ya kijiti (seli inayopokea mwanga) kwenye retina, ule utando wa nyuma ya jicho, naona grafu inashuka! Gizani iko kama -40 milivolti, ikipigwa mwanga inaelekea -70. Yaani mwanga unaizima seli? Na kama inazimwa ubongo unajuaje tumeona kitu? Mchoro nimeuchora mara nne, mishale inaniishia njiani.

gizani_ndo_kazi:
Grafu iko sawa, hujakosea. Seli hii inahangaika zaidi gizani. Ndani yake kuna cGMP, molekuli ndogo ya kupeleka ujumbe ndani ya seli, inajishika kwenye milango na kuiweka wazi, kwa hiyo sodiamu na kalsiamu kiasi vinaingia muda wote, na seli inamwaga glutameti (kemikali ya kupeleka ujumbe kwa seli inayofuata) bila kupumzika. Mwanga haugusi mlango wenyewe, hapo ndo wengi wanapotea. Fotoni (chembe moja ya mwanga) inaipiga rodopsini, protini inayopokea mwanga, ile retinali iliyojikunja ndani yake (inatokana na vitamini A) inanyooka, rodopsini inaamsha protini nyingine iitwayo transdusini, transdusini inaamsha kimeng'enya fosfodiesterasi, na hicho kinaivunja cGMP kuwa GMP ya kawaida. cGMP ikipungua milango inafunga. Sodiamu haiingii tena ila potasiamu inaendelea kutoka, basi volteji lazima ishuke.

mpenda_maabara:
Niongezee hapo kwenye cGMP maana historia yake naipenda sana. Miaka mingi watu walibishana kama mjumbe kati ya rodopsini na milango ni kalsiamu au cGMP, mpaka 1985 Fesenko na wenzake wakachukua kipande kidogo cha utando wa seli ya kijiti ya chura, wakaweka cGMP upande wa ndani, milango ikafunguka yenyewe moja kwa moja. Na kabla ya hapo, 1979, Baylor, Lamb na Yau walinyonya ncha ya seli ya chura ndani ya bomba jembamba la kioo wakapima umeme wake, na fotoni MOJA ilionekana, mkondo ukapungua kama pikoampea 1. Fotoni moja jamani! Ni kwa sababu kila hatua inazidisha, rodopsini moja inaamsha transdusini nyingi.

mdadisi_seli:
Asanteni sana, hapo nimepata. Lakini ubongo?

gizani_ndo_kazi:
Ubongo unasoma mabadiliko. Mwanga ukija glutameti inapungua, na seli inayofuata inaliona hilo. Ziko za aina mbili: kuna ambazo glutameti inafunga milango yao, hizo zikikosa glutameti zinaamka, ndo zinasema "mwanga umekuja". Nyingine ni kinyume, zinaamka giza likirudi.

mpenda_maabara:
Ila usijumlishe kwa wanyama wote, kwenye jicho la nzi mwanga unafungua milango.

mdadisi_seli:
Aisee. Na milango ikishafungwa inafunguka tena vipi?

mpenda_maabara:
Kalsiamu hiyo. Milango ikifungwa haiingii ila inaendelea kutolewa nje, inashuka, na ikishuka kimeng'enya kinachotengeneza cGMP kinaongeza kasi. Huku rodopsini nayo inazimwa. cGMP inajaa, milango inafunguka.

mdadisi_seli:
Kumbe mshale wa kalsiamu unazunguka kurudi juu kwenye cGMP! Ndo uliokuwa unanikosa, nachora upya sasa hivi.