Texas na USC 2006: kwa nini kocha hakuupiga ule mpira mbali?

Kijana_wa_Denton

Wakuu habari za muda huu. Nina swali linanisumbua toka juzi na huku chuoni sina wa kubishana naye, maana watu wa Texas ukiwagusia hii mechi wanakuonyesha tu ile alama ya pembe za ng'ombe kwa vidole, mazungumzo yameisha.

Niko huku Texas mwaka wa pili. Nimekuja najua Simba na Yanga basi, huu mpira wao wa kukumbatia, American football, nilikuwa naona fujo tupu, mpaka jamaa ninayekaa naye chumba kimoja akaniwekea Rose Bowl ya tarehe 4 Januari 2006, Texas na USC, mwanzo mpaka mwisho. Nimeshaiangalia mara tatu. Sijawahi kuona timu mbili zimelingana namna ile aisee. Zote zimekuja na ushindi 12 kwa 12, USC namba moja Texas namba mbili, na ndiyo ilikuwa fainali ya ubingwa wa vyuo. USC walikuwa hawajapoteza mechi 34 mfululizo, Texas 19. Mwisho wa mechi ukijumlisha yadi USC wamepata 574, Texas 556. Yaani dakika 60 tofauti ni yadi 18!

Sasa swali langu. Zimebaki dakika 2 na sekunde chache, USC wanaongoza 38-33, mpira wanao wao kwenye yadi ya 45 upande wa Texas, ni jaribio la nne na wanahitaji yadi 2 tu. Kwa asiyeujua mchezo: una majaribio manne ya kusogea yadi 10, ukishindwa mpinzani anachukua mpira palepale, ndiyo maana la nne wengi wanapiga teke mpira uende mbali huko adui aanze safari kutoka nyuma kabisa. Pete Carroll, kocha wa USC, hakupiga. Akampa mkimbiaji wake LenDale White apite katikati, akapata yadi moja, akagandishwa. Texas wakachukua mpira, zikiwa zimebaki sekunde 19 Vince Young, mrushaji wao mkuu, akaingia nao mwenyewe, 41-38, kwisha habari.

Kwa nini hakupiga? Mimi naona alitupa ubingwa kwa mikono yake. Nielewesheni.

Beki_wa_Kati

Mdogo wangu karibu kwenye huu mchezo, umeanzia pazuri, kuna watu wameangalia miaka 20 hawajakutana na mechi kama hiyo.

Ila hapo nakupinga. Carroll alikuwa sahihi na angekuwa timu yangu ningetaka afanye hivyohivyo. Angalia dakika chache kabla. Dwayne Jarrett wa USC anafunga, inakuwa 38-26, zimebaki dakika 6 na sekunde 42, watu wanajua imeisha hiyo. Young anachukua mpira anakwenda nao mpaka anaingia kwa miguu yake yadi 17, saa inasoma 4:03. Hakuna aliyemgusa vizuri. Ile safu ya ulinzi ya USC ilikuwa imechoka, ukiwaangalia wanavyosimama mikono kiunoni utaona, sasa wewe kama kocha unaona hivyo halafu unaambiwa chagua, unamrudishia huyu mtu mpira kwa hiari yako au unatafuta yadi 2 mechi iishe hapohapo? Na aliyempa mpira siyo mtoto. White siku ile alikimbia yadi 124, tachidauni (kuingia na mpira eneo la goli) tatu, wastani wake kila akibeba ni zaidi ya yadi 6. Unamuomba 2 tu!

Young kamaliza na yadi 200 za kukimbia na 267 za kurusha. Pasi 30 kati ya 40. Mtu kama huyo dawa yake ni kumnyima mpira, hakuna nyingine.

Shabiki_Mkereketwa

Beki nakuheshimu ila umeruka kitu kikubwa mno. Yuko wapi Reggie Bush?

Naomba kila mtu arudie hiyo video asimamishe kabla mpira haujatoka. Bush yuko nje ya uwanja! Mchezaji bora wa vyuo mwaka ule, aliyebeba tuzo ya Heisman wiki chache tu nyuma huku Young akiwa wa pili, amesimama pembeni na makocha jaribio la maisha yao linachezwa. Hata kama humpi mpira yeye, awepo tu, kwa sababu akiwepo lazima Texas waache mtu au wawili wa kumchunga pembeni. Hayupo, kila mtu wa Texas anajua ni White na anapita katikati, wakajazana pale mbele kama watu wanagombea daladala saa kumi na mbili jioni, Michael Huff na wenzake wakamfunga. Kwa hiyo mimi sina shida na kwenda, nina shida na namna walivyokwenda. Na walikuwa wameshaonywa, robo ya kwanza hiyohiyo USC walijaribu jaribio la nne karibu na goli, wanahitaji yadi moja, Matt Leinart, mrushaji wao, kasukuma katikati kagonga ukuta.

Nawapenda USC mpaka leo na hiyo picha ya Bush kasimama pembeni inaniuma kuliko kitu chochote cha mpira nilichowahi kuona.

Kijana_wa_Denton

Shabiki, nimerudia sasa hivi, kweli hayupo. Mara tatu zote sikuona, macho yangu yalikuwa kwenye mpira.

Beki, ila hesabu yako ina tundu. Kutoka 6:42 mpaka 4:03 ni dakika 2 na sekunde 39, ndiyo muda Young aliotumia kufunga ile ya kwanza. Sasa kama mpira ungepigwa mbali, angebaki na dakika 2 na kitu. Asingefika!

Beki_wa_Kati

Hapana mdogo wangu, ile ya kwanza wala hawakuwa na haraka hiyo. Tazama ya mwisho: amechukua mpira kwenye 2:09 amefunga kwenye 0:19, sekunde 110, yadi 56. Ungemuongezea yadi 30 za kusafiri angelazimika kwenda kwa kasi zaidi ya ile. Labda angefika, labda asingefika, hapo nakubali hakuna anayeweza kukuapia. Lakini hata yadi hizo 56 zenyewe kuna 15 walipewa bure, beki wa USC alimkamata mpokeaji kwenye ile nondo ya kofia refa akapeperusha kitambaa, wakati Texas walikuwa kwenye jaribio la tatu refu wamebanwa kabisa.

mama_wawili_HTX

Jamani nimesoma hii nikiwa kazini nikakaa chini. Mimi nilikuwepo, si uwanjani, nilikuwa Houston hapa, na Vince Young ni mtoto wa Houston, alisoma shule ya Madison huku kusini magharibi ya mji, kwa hiyo usiku ule haukuwa mambo ya chuo tu.

Nilikuwa nimetoka Kenya sina hata mwaka, nafanya shifti ya jioni kwa nyumba ya wazee. Kulikuwa na mzee mmoja pale, mweusi, mwalimu mstaafu, mtu wa kulala saa mbili kila siku kama saa. Siku hiyo amekataa. Akasema leo nitakaa na huyu kijana. Basi nikamwachia tivi, nikawa naingia na kutoka, mimi sielewi chochote, naona tu namba zinabadilika, mara hawa mara wale. Hata wazee wengine walikuja na vigari vyao wakapanga mstari mlangoni.

Ikifika ile ya mwisho nilikuwa nampima presha. Nimeshamfunga kile kitambaa mkononi, napampu, akanishika kiwiko akaniambia simama, usipampu. Nikasimama. Nikaangalia tivi kwa sababu yeye anaangalia. Ni jaribio la nne tena, yadi 5, wako yadi ya 8. Young anarudi nyuma kama anataka kurusha, anaangalia, hakuna mtu, na anageuka kulia anaanza kukimbia, na unajua yule kijana alikuwa na miguu mirefu sana, hakuwa anaonekana anaharakisha, anatembea hatua kubwakubwa tu na watu wanaachwa. Akaingia pale kwa kona, kwa ile nguzo ndogo ya rangi. Mzee hakupiga kelele. Alinishikilia kiwiko tu machozi yakawa yanamtoka, akaniambia nimefundisha watoto kama huyu miaka 30.

Presha niliipima baadaye, ilikuwa juu na sikuandika ile ya kwanza, nilingoja apoe nipime tena.

Kuhusu kocha sina la kusema. Ila mkisema asingefika, mimi niliona uso wa yule mzee kabla ya mpira kurushwa. Yeye alijua atafika.

Shabiki_Mkereketwa

Mama asante kwa hii. Nimesoma mara mbili. Mimi usiku huohuo nilikuwa nalia kwa sababu nyingine kabisa.

Msomaji_Kimya

Kwa miaka nasoma tu humu lakini hii lazima nichangie, maana mnazungumzia dakika ya 58 na mechi iliamuliwa robo ya pili.

Kuna tachidauni ya Texas ambayo haikupaswa kuwepo. Vince Young anakimbia, anakabwa, goti lake linagusa chini, NDIPO anamtupia mwenzake Selvin Young pembeni anaingia. Goti likigusa mpira umekufa, kwenye mpira wa vyuo huo ndio mwisho. Waamuzi hawakuona, na ile mitambo ya marudio ya video ilikuwa na hitilafu wakati huohuo. Texas wakaharakisha kupiga ile teke ya pointi moja wasije wakarudishwa, David Pino akakosa. Kwa hiyo ni pointi 6 hapo. Mechi imeisha kwa tofauti ya 3.

Halafu tuwe wa haki, USC nao walijichoma. Bush huyohuyo amepokea mpira kaenda nao mbali, hayuko mbali na goli la Texas, anakaribia kukabwa akaamua kumrushia mwenzake nyuma yake ambaye wala hakuwa anategemea. Mpira ukadunda chini, Texas wakaulalia. Na Leinart akatupa mpira ndani ya eneo la goli la Texas, Michael Griffin akaudaka akiwa anaruka pembeni mwa mstari. Hizo nafasi mbili ukiziweka pamoja na lile goti, mimi siwezi kumlaumu Carroll kwa yadi moja.

Kijana_wa_Denton

Msomaji lile goti nimeliona sasa, nimelisimamisha, liko chini kabisa na mpira bado umo mikononi. Jamaa yangu wa chumba nimemuonyesha amekaa kimya halafu akasema "lakini hata hivyo wangeendelea kucheza kutoka palepale". Na kweli, walikuwa karibu na goli, pengine wangefunga jaribio linalofuata.

Nimebadilisha msimamo nusu. Kwenda sawa, ila Bush awe ndani. Mama wa Houston, nitamsimulia jamaa habari ya yule mzee akirudi kutoka darasani, yeye mwenyewe kwao ni Houston.

mama_wawili_HTX

Msimulie. Na umuulize wazazi wake walikuwa wapi usiku ule, kila mtu wa Houston wa umri huo anakumbuka.