Naomba ushauri: nauza mashine ya zamani ya kukatia mounti za picha, niko Mtwara, bei siijui

Mtoto wa Chikongola:
Wakuu, habari za jioni.

Baba mdogo alikuwa na studio ya picha na fremu hapa Mtwara mjini (nasema fremu za picha, si za duka). Alifariki mwaka jana, familia ikanikabidhi vifaa niviuze, hela iende kwenye ada za wadogo zangu. Vioo na kamera vimeshaondoka. Imebaki mashine ya kukatia mounti, yaani ile kadibodi nene yenye dirisha inayoizunguka picha ndani ya fremu. Ni ya mezani, ina urefu wa kama sentimita 120, imeandikwa Fletcher, ya Marekani. Aliinunua Dar mwaka 2006, nayo ilikuwa imeshatumika. Risiti hakuna.

Mnunuzi wa chuma chakavu kaiangalia kwa macho tu, kasema elfu arobaini. Mwenye studio mmoja alitaja laki moja na nusu, tukakubaliana, siku ya kuja kuichukua akasema ana laki moja tu. Binamu yangu wa Dar anasema nisishuke laki nane. Kwenye reli, ile ya chuma ambayo kichwa cha kukatia hupita juu yake, kuna kutu ya chumvi, mnaijua hewa yetu ya hapa.

Niuzeje bila kumdhulumu mtu wala kuidhulumu familia?

Fundi Mikindani:
Pole sana kwa msiba, mwanangu. Huyo wa chakavu mfungie mlango. Yeye anahesabu kilo, wewe unauza unyoofu wa ile reli.

Kabla ya bei, ipime. Weka wembe mpya, maana wembe butu utakufanya uisingizie mashine. Kata dirisha kwenye kadibodi nzima, kisha pima kona kwa kona, pande zote mbili. Vipimo viwili vikilingana, dirisha halijaenda upande, kona zake ni za nyuzi 90. Halafu pima upana wa ukingo juu na chini ya upande uleule. Ukipishana, kizuizi cha pembeni, kile ambacho kadibodi inaegemea, kimelegea, na hicho kinakazwa kwa bisibisi. Mwisho shika kile kichwa cha kukatia, kitikise kushoto na kulia. Kikicheza kwenye reli, hapo ndipo bei inashuka kweli.

Kutu usiiguse kwa msasa! Mafuta ya cherehani na kitambaa, taratibu, kisha uikaushe kabisa. Tone moja la mafuta likigusa kadibodi, doa halitoki.

Korosho ya Masasi:
Mkuu, mimi nakuvunja moyo kidogo. Wateja wengi wa huku hawataki mounti. Wanataka picha ya harusi au ya mahafali, kioo juu, msumari ukutani, basi. Laki nane huku Kusini hupati. Ukiweza subiri Oktoba hadi Desemba, hela ya korosho ikitoka harusi zinaanza na wenye studio wanakuwa na pesa mkononi.

Dada wa Lindi:
Kaka wa Masasi, hilo la mounti sikubaliani nalo, na nalisema kwa uchungu. Nimeletewa picha ya marehemu mama ya mteja, imeganda kwenye kioo kwa unyevu wa pwani. Nilipojaribu kuibandua, uso ukabaki kwenye kioo. Ile kadibodi ya milimita moja na kidogo ndiyo inayoitenga picha na kioo. Mteja akielezwa hivyo, analipa.

Mimi hadi leo nakata kwa kisu na rula ya chuma. Mshazari wa nyuzi 45, yaani ule mkato wa kuinama kwenye ukingo wa dirisha, kwa mkono ni mateso, kona ya nne lazima ipitilize.

Mtoto wa Chikongola, umebakiza nyembe? Tupimie unene.

Mtoto wa Chikongola:
Shikamoo Fundi, na asanteni wote. Nimefanya kama mlivyoelekeza. Kona kwa kona imepishana milimita moja. Ukingo ulipishana milimita tatu, nimekaza kizuizi, sasa hauonekani kupishana. Kichwa hakichezi. Kwa wembe wa zamani kona zilitoka zimepinda kama ndoana, kwa wembe mpya zimetoka kali na ule weupe wa ndani ya kadibodi unaonekana sawasawa pande zote nne. Nilimkumbuka mzee nilipouona.

Nyembe zipo pakiti mbili, zimeandikwa 0.012, na nyingine moja ya 0.015.

Fundi Mikindani:
Marahaba. Hizo ni sehemu za inchi. Wa 0.012 ni mwembamba, unakata laini lakini unayumba kwenye kadibodi ngumu. Wa 0.015 unanyooka zaidi. Ziuze pamoja na mashine, usizitenge, mnunuzi anaogopa kukosa nyembe kuliko anavyoogopa kutu.

Kwa hali hiyo, mimi ningetaja laki nne na nisishuke chini ya tatu. Binamu yako anakisia bei ya Dar, kwenye mafundi wengi, na hajahesabu kuisafirisha. Ukiituma kwa basi, ifunge reli kwenye ubao mnyoofu. Ikilaliwa na magunia ikapinda, haina kazi tena.

Dada wa Lindi:
Nina laki tatu na ishirini. Nakuja Jumamosi na kadibodi yangu mwenyewe, nikate dirisha moja mbele yako. Likitoka kama ulivyosema, naondoka nayo.

Mtoto wa Chikongola:
Karibu dada. Sitampa mtu mwingine kabla ya Jumamosi. Wembe wa 0.015 nitauweka tayari.