Nondo wa Laysan: si angeruka tu?

Mwalimu_Kalangala: Wanafunzi wangu hapa kisiwa cha Bugala, Uganda, wanauliza, mdudu mwenye mabawa anatowekaje kisiwani? Mnisaidie.

Nalongo_Entebbe: Mwalimu, wasimulie kuhusu kisiwa cha Laysan, Hawaii. Sungura waliletwa mwaka 1903 hivi, wakala mimea. Kufikia 1923 kisiwa kilikuwa karibu mchanga mtupu. Nondo Hypena laysanensis akatoweka. Anayeruka ni nondo mzima. Mtoto wake, kiwavi, hutambaa tu, na viwavi wengi hula mmea mmoja au jamaa zake. Chungulia majani ya mlimau: wale wadogo wanaofanana na kinyesi cha ndege hawatagusa mhogo hata wafe njaa.

Musa_Masaka: Na kuzunguka Laysan ni bahari. Arukie wapi?

Mwalimu_Kalangala: Asante sana, nyabo. Inaniuma, maana hapa msitu mwingi umekatwa kupisha michikichi. Kesho tunaanza na mlimau wa shule.