Mjadala: Heathcliff na Rochester wanastahili sifa tunazowapa?

Wakuu, tulijadili hili bila jazba. Zikitajwa tu riwaya za mapenzi za zamani, lazima aibuke yule mwanamume wa kununa, msiri, mwenye donda moyoni, na watu waanze: "Angalau yule alijua kupenda!" Mimi napinga, hasa kwa Heathcliff wa Wuthering Heights (1847), riwaya ya Emily Brontë.

Usiku wa kumtorosha Isabella, aliyekuja kuwa mkewe, bwana huyu alimtundika mbwa wa binti huyo kitanzini. Hareton, mtoto wa Hindley (mwana wa familia iliyomlea Heathcliff), alimnyima elimu makusudi ili kumlipizia marehemu baba yake. Cathy mdogo, binti wa Catherine aliyempenda, akamfungia ndani mpaka akubali kuolewa na mwanawe, huku baba wa binti yuko kitandani anakata roho. Mtasema aliteswa utotoni. Kweli, Hindley alimtesa vibaya. Lakini Hareton naye aliteswa, tena na Heathcliff huyohuyo, na hakugeuka kuwa mtesi.

Na Emily Brontë alishatujibu zamani. Isabella ndiye sisi wasomaji: alimwona Heathcliff shujaa wa hadithi za mapenzi, akaacha kwao akamfuata. Heathcliff mwenyewe anamdhihaki kwa hilo mbele ya Nelly, mtumishi anayetusimulia hadithi. Mtu anakwambia kwa mdomo wake kwamba siye unayemdhania, bado unampamba!

Darcy wa Pride and Prejudice ya Jane Austen simtii humo. Alikataliwa na Elizabeth, akapewa ukweli wake usoni, akajirekebisha. Madeni ya Wickham, aliyemtorosha mdogo wake Elizabeth, aliyalipa kimyakimya, hakutaka hata Elizabeth mwenyewe ajue.

— Mkuu, kuvutiwa na mhusika si kutaka akuoe. Heathcliff akiwa mpole, riwaya imekufa.

— Hapo sina ubishi, namsoma bila kumweka chini. Ninaongelea wanaomfanya kipimo cha mapenzi.

— Na Rochester wa Jane Eyre, riwaya ya Charlotte Brontë, je? Alipoteza mkono na macho akijaribu kumwokoa mkewe motoni. Hiyo si toba?

— Ni ujasiri, siukatai. Ila mke huyo alikuwa amemfungia ghorofani miaka 10, na bado akampeleka Jane, mwalimu wa nyumbani kwake, kanisani kufunga ndoa bila kumwambia kitu. Wa kusifiwa pale ni Jane: alimpenda na akaondoka, karibu mikono mitupu. Akapata urithi wa pauni 20,000, akagawana na binamu zake watatu, akarudi na 5,000 zake kwa hiari yake. Rochester alilainishwa na moto. Hebu niambieni, nani kati yenu yuko tayari kusubiri nyumba iungue ndipo mume ajirekebishe?