Naomba ushauri: Konya mwezi Desemba, mke wangu hafungi kichwa

Habari zenu wakuu. Desemba hii mimi na mama watoto tutakuwa Istanbul kwa mambo ya biashara, na tunawaza kupanda treni ya mwendo kasi hadi Konya, mji wa Uturuki alikozikwa Mevlana Jalaluddin Rumi, yule mshairi wa Kisufi aliyefariki tarehe 17 Desemba 1273. Kila mwaka siku hizo madarweshi, yaani masufi wafuasi wake, hucheza kwa kuzunguka papo hapo kumkumbuka.

Sisi ni Wakristo, na waliofika huko wananichanganya. Mmoja anasema pombe ni ya kutafuta kwa tochi na watu wanakodolea macho wageni. Mwingine anasema hajawahi kukirimiwa vile, kila duka anawekewa chai. Pombe kwangu si hoja, etli ekmek, mkate wao wa nyama, unanitosha. Ila sitaki mke wangu atazamwe vibaya. Pale kaburini, ambapo serikali ilipageuza makumbusho miaka ya 1920, mtandio ni lazima? Au ni misikitini tu, kama ule wa Alaeddin?

Halafu baridi: koti la Arusha litafaa, au nitaumbuka? Na vyumba vikoje wakati huo wa maadhimisho, nilipie mapema?